Mafuta ya Saa Nane Mchana

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, mjini Kakuma. Kwenye meza ya plastiki, ndani ya ukumbi wa mabati, vilipangwa vikopo ishirini vya siagi ya kujipaka, kila kimoja na kibandiko chake cha waridi. Asubuhi vilikuwa vimejaa povu jeupe, zito, la kuchota kwa kidole, na akina mama waliolipiga walipigwa picha wakiinua vikopo juu. Sasa povu lilikuwa limekwisha. Kila kikopo kilibaki nusu, na ndani yake mafuta ya manjano yalikuwa yakicheza kama mchuzi. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alichungulia kimoja, akakifunika, akaninong'oneza kwa Kiturkana: "Mwalimu, haya si ya kujipaka. Haya ni ya kukaangia mandazi."

Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mimi nilikuwa nimeitwa pale kutafsiri tu: Kiswahili cha mkufunzi kiende Kiturkana, maswali ya akina mama yarudi Kiswahili. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha kemia katika sekondari moja ya Lodwar, na tangu saa tatu asubuhi, mkufunzi alipoandika vipimo ubaoni, nilijua vikopo vile havingefika jioni. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba huyu ni mgeni wetu, na mgeni hasahihishwi mbele ya watu. Leo nasema nilichopaswa kukisema siku ile.

Vipimo vyenyewe havikuwa na kosa, ila vilizaliwa penye baridi. Vilitaka siagi ya kokwa za mti wa shea, mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti, vipigwe kwa mashine ya umeme hadi viumuke. Sasa kila mafuta yana joto lake la kuyeyuka. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Nairobi utayakuta yameganda rafuni karibu mwaka mzima. Lodwar nyuzi 24 ni joto la alfajiri, na mimi sijawahi kuona chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda katika nyumba yangu. Shea hulegea baina ya nyuzi 30 na 38, na ile itokayo upande wetu huu wa Nile ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Mchana wa Turkana hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa, na chini ya mabati hupita zaidi. Povu si kitu kingine ila hewa iliyoshikwa na mafuta magumu. Mafuta yakilegea, hewa hutoka zake.

Usiku mambo huharibika kwa namna nyingine. Shea iliyoyeyuka mchana huganda polepole jua likishazama, na ikiganda polepole hufanya chembechembe. Kesho yake huyeyuka tena, huganda tena, na baada ya wiki moja mtu anajipaka kitu kama mchanga wa mto Turkwel. Mteja akirudisha kikopo, huyo mama aliyepewa cheti cha mafunzo hana jibu, kwa sababu hakuna aliyemweleza kilichotokea.

Mama yangu hakuwahi kushika kipimajoto, lakini jambo hili alilijua. Alikuwa na kondoo wetu hawa wenye kichwa cheusi na matako yaliyojaa shahamu. Kondoo akichinjwa, shahamu yake haikuchanganywa ovyo. Ya matako ni laini. Hiyo ililiwa, nyingine ikapakwa utosini mwa mtoto mchanga. Ile inayozunguka figo ni ngumu, hukatika kama sabuni, na ndiyo aliyoiyeyusha, akaichuja, akaiweka katika chombo cha mti chenye mfuniko wa ngozi, akakitundika ndani ya nyumba. Hiyo ilipakwa miguuni, viwikoni, kwenye shanga za shingoni na kwenye mavazi ya ngozi yasikakamae. Siku ya sherehe ilichanganywa na udongo mwekundu, na wasichana waling'aa kama waliotoka kuogelea.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipokuta maelezo kitabuni: shahamu ngumu ya kondoo huyeyuka kuanzia nyuzi 44 hivi na kuendelea. Yaani saa nane mchana, mafuta ya mkufunzi yanapogeuka mchuzi, ya mama yangu bado yamesimama wima. Yakigusa ngozi na kusuguliwa kidogo, hulegea na kuenea. Kama mtu angeketi maabarani abuni mafuta ya Turkana, asingefika mbali na pale alipofika yeye.

Mbona basi tuliyaacha? Tuliona haya. Shuleni tuliwacheka wenzetu waliokuja wakinuka shahamu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, ingawa asubuhi ileile nilikuwa nimejisugua kwa sabuni ili harufu ya nyumbani isinifuate. Tukahamia mafuta ya dukani. Arimis sina ugomvi nayo. Ile mikebe yenye jina la mafuta ya kukamulia ng'ombe imeokoa magaga ya nusu ya Kenya. Mafuta ya mgando ya petroli nayo, tukisema kweli, huzuia maji yasitoke kwenye ngozi kuliko karibu kitu kingine chochote, tena hayaogopi jua letu. Anayeyatumia asione aibu.

Losheni ndizo ninazozikasirikia. Chukua chupa yoyote usome orodha nyuma yake: viungo hupangwa kwa wingi wake, na cha kwanza karibu kila mara ni maji. Kwa hiyo mwanamke wa Kakuma, aliyepanga foleni na mtungi tangu alfajiri, ananunua maji yaliyosafirishwa kwa lori karibu kilomita 800 kutoka Nairobi, yakatiwa mafuta kidogo na manukato. Anajipaka, anang'aa hadi saa nne, na kufika adhuhuri amepauka tena. Anaongeza. Chupa inakwisha kabla ya mwezi.

Na hapo ndipo mkorogo unapoingia. Ngozi iliyokauka hugeuka nyeusi ya kijivu, hasa magotini na kwenye vifundo vya vidole, na muuzaji mmoja sokoni atamwambia binti kwamba tatizo ni rangi yake. Mpwa wangu aliambiwa hivyo. Aliuziwa kikopo kisicho na jina, kilichochanganywa nyuma ya kibanda, na baada ya wiki chache mashavu yake yalikuwa mekundu na yanawaka kila atokapo juani. Daktari alimwambia aache mara moja. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo ndizo huwekwa sana katika mafuta ya kujichubua, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na chini ya Mkataba wa Minamata, ambao Kenya imeuridhia, nchi wanachama zimekubaliana kuondoa zebaki katika vipodozi. Marufuku ni jambo jema. Lakini binti yule hakwenda sokoni kutafuta zebaki, alikwenda kutafuta mafuta ya kuondoa ukavu. Angeyapata nyumbani, asingefika kwenye kile kibanda.

Kwa hiyo tukitaka kujitengenezea, tuanzie wapi? Jibu liko Kakuma kwenyewe, na si katika ukumbi wa mafunzo.

Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe hapo mwaka 1992, wanawake wa nusu ya bara hili wamekuwa wakiishi umbali wa kuitana. Msomali atakuonyesha mafuta ya simsim. Msudani atakutengenezea karkar, mafuta ya simsim na shahamu yaliyotiwa maganda ya machungwa. Mhabeshi anajua siagi ya ng'ombe kichwani. Mrundi naye anaijua mwilini. Mkongomani hataki kusikia la mtu mbele ya mafuta ya kokwa za mchikichi. Nilipofundisha Kakuma, jirani yangu alikuwa dada mmoja kutoka Torit, Sudan Kusini, na ndiye aliyenifundisha lulu. Lulu ndiyo shea kwa Kiarabu chao. Kwao kokwa huanikwa, hukaangwa, husagwa, hukandwa kwa maji kwa mkono hadi mkono uchoke, kisha huchemshwa na mafuta huenguliwa juu. Ndugu zake walikuwa wakimletea kupitia Nadapal na Lokichoggio, ndani ya chupa za soda za nusu lita. Mchana lulu ile ilimiminika. Alfajiri ilibidi uikate chupa kwa kisu.

Siku moja nilimwona akichanganya lulu yake na shahamu ya kondoo aliyoinunua kwa mchinjaji Mturkana. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ugali unahitaji unga. "Mwalimu, huko kwetu lulu inasimama yenyewe. Hapa jua lenu linaishinda. Lazima nimpe mume mwenye nguvu."

Hiyo sentensi ndiyo somo zima. Yeye alifika mgeni, akatazama jua, akatazama soko, akabadilisha vipimo vya mama yake.

Hivi ni vipimo vyangu, vilivyotokana na vyake. Nunua shahamu ya figo ya kondoo siku ileile anapochinjwa, iliyolala inanuka. Ikatekate vipande vidogo, weka kwenye sufuria na maji kidogo na kijiko cha chumvi, pika kwa moto mdogo hadi vipande vigeuke makapi. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Acha igande usiku, uinue kile kigae cheupe kilichoelea juu, umwage maji ya chini. Rudia kwa maji mapya na chumvi mara mbili, hata tatu. Hapo ndipo harufu ya kondoo inapoondoka, na wengi wanaolalamikia harufu waliishia mara ya kwanza. Mwisho iyeyushe peke yake, bila maji, hadi iache kabisa kutoa mapovu madogo. Hayo mapovu ni maji, na maji ni adui.

Kisha chukua vikombe viwili vya shahamu hiyo, kikombe kimoja cha lulu, nusu kikombe cha simsim na vijiko viwili vya mezani vya nta ya nyuki iliyokwaruzwa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, nayo ndiyo mhimili wa nyumba. Kuanzia Januari hadi Machi mimi huongeza kijiko cha tatu. Yeyusha vyote katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka polepole. Ukipenda manukato, loweka katika simsim, siku chache kabla, maganda makavu ya chungwa au punje za ubani wanazouza akina mama Wasomali, kisha uchuje. Epua, weka sufuria ndogo kwenye beseni la maji baridi ya mtungi, ukoroge bila kusimama ili mchanganyiko ugande upesi usifanye chembechembe. Yaache mafuta hayo usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa baridi pekee tunaopewa, amka uyapige kwa uma au mwiko wa matawi hadi yawe meupe. Mashine ya umeme haihitajiki, na hata ingehitajika, nyumba ngapi zina umeme?

Usitie maji. Usitie utomvu mbichi wa mshubiri, hata kama umeota mlangoni pako na unaujua kwa jina la echuchuka. Mshubiri ni mzuri, lakini una maji, na mafuta yenye maji yasiyo na dawa ya kuhifadhi huota ukungu na vijidudu ndani ya siku chache katika joto hili. Ukiutaka, jipake mbichi kwanza, kisha mafuta juu yake. Kopo lichemshwe, likauke kabisa. Usichote kwa mkono uliolowa. Liweke gizani, kwa sababu mwanga na joto huchachusha mafuta. Yakianza kunuka kama njugu kuukuu, tupa. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku moja. Usipake penye kidonda wala penye upele wa mtoto usioujua. Hapo nenda zahanati.

Na ujipake lini? Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta haya hayaleti maji, yanafunika yaliyopo, kama mfuniko juu ya sufuria. Mtu mwenye lita tano za kuogea hawezi kuyaacha maji yake yapande hewani bure.

Wapo watakaoniuliza: mwalimu, unataka turudi nyuma? Sijamwambia mtu yeyote avue viatu. Nashangaa tu kwamba Marekani siku hizi shahamu ya ng'ombe inauzwa katika vikopo vya kioo kama ugunduzi mpya wa urembo, na vijana wetu wanaitazama kwenye simu wakiwa wameketi hatua chache kutoka kwenye bucha ambako shahamu ya figo inatupiwa mbwa. Wengine wataniambia lulu inatosha, tuagize nyingi. Mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na kaskazini mwa Uganda umekatwa kwa makaa hadi Rais Museveni akatoa amri mwaka 2023 ya kupiga marufuku biashara ya makaa eneo hilo. Lulu tuitumie kwa heshima, kikombe kimoja, na uzito ubebwe na mnyama tunayemfuga wenyewe.

Sasa nazungumza na wanaotufundisha, na wanaowapa fedha. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba uchumi wa Kakuma, kambi na mji, ulikuwa wa dola milioni 56 hivi za Marekani kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Watu wa hapa si wa kungoja mgao tu, na baada ya mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kupunguzwa sana mwaka 2025, hata anayetaka kungoja hana cha kungojea. Mafunzo yanahitajika kweli. Lakini nimetafsiri mafunzo ya kutosha kujua mwendo wake: siku tatu, katoni za malighafi kutoka Nairobi, mashine moja, soda, vyeti. Katoni zikiisha, kazi inaisha. Vyeti vimebandikwa kwenye kuta za nyumba ambazo hazina hata kijiko cha mafuta.

Fanyeni kinyume. Siku ya kwanza msifundishe, nendeni sokoni na akina mama wenyewe, mkanunue kinachouzwa. Asiyeweza kukipata tena wiki ijayo kwa pesa yake asifundishwe kukitumia. Mlipeni yule dada wa Torit, na mama wa karkar, na nyanya Mturkana anayejua tofauti ya shahamu ya figo na ya matako, kwa kiwango kile kile mnachomlipa mkufunzi aliyekuja kwa ndege. Ofisi ya viwango nayo ije Lodwar ieleze, kwa lugha inayoeleweka, mtu anayetaka kuuza vikopo kumi kwa mwezi afanye nini ili asionekane mhalifu. Na serikali, iliyozindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025 ikisema wakimbizi na wenyeji waishi na kufanya biashara pamoja, ikumbuke kwamba jirani yangu alihitaji kibali ili atoke kambini alete mafuta yake Lodwar, mwendo wa kilomita 120. Kwa miaka miwili mimi ndiye niliyemsafirishia, kopo mbilimbili, ndani ya mkoba wa madaftari ya wanafunzi.

Nyuma ya nyumba yangu, juu ya tofali chini ya mabati, huwa kuna kijiko. Kila nikitengeneza mafuta mapya, huweka kiasi kidogo juu yake na kukiacha hadi saa nane mchana. Yakisimama, najaza makopo. Yakimwagika, narudi jikoni na nta. Mkufunzi ajaye ukumbini, nitatafsiri kila neno lake kwa uaminifu kama kawaida. Ila asubuhi, kabla hajafuta ubao, nitampa kijiko.